Sahani Iliyokosa Ndege

Mtaani kwetu wananiita Mama Chakavu, na walioanza kuniita hivyo walidhani wananitukana. Mimi nililipokea jina kama nilivyovipokea vitu vyao vingine walivyovitupa: nikalifuta vumbi, nikalitumia. Fremu ya dirisha niliyoiokota kwenye jumba lililobomolewa leo ndiyo kioo cha sebuleni kwangu. Vishikizo vya droo za kabati la watu tunatundikia makoti. Ngazi iliyovunjika mguu imeegemea ukuta wa barazani, imebeba vyungu saba vya maua na haijawahi kulalamika. Na wale wale waliokuwa wakinicheka nikiinama jalalani, sasa wanabisha hodi na mikoba yao mizuri, wanaulizia hereni za vifungo vya mashati. Sina kinyongo na mtu. Ila nawakalisha kwenye kile kiti changu kigumu.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya vyombo vilivyovunjika. Nakata kipande kwa koleo, nakisugua makali kwa tupa na msasa mpaka hata mtoto mchanga akikishika kisimkwaruze, nakizungushia waya wa shaba, kisha natia shanga. Mtu aliyependa kikombe cha marehemu mama yake anakivaa shingoni na kwenda nacho kazini. Kazi hii inataka macho mazuri, vidole vyepesi na roho ngumu kidogo, maana ukianza kuionea sahani huruma, mkufu hautatoka.

Mume wangu ni kinyume changu kabisa. Yeye ni fundi saa. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa kwenye kibanda chake cha vioo, lenzi jichoni, akizifufua saa ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Kisha watu wakaanza kutazama saa kwenye simu, na kibanda kikafungwa. Aliporudi nyumbani alitengeneza kila kilichokuwa kibovu: bawaba za milango, redio ya mama yake, kufuli la choo, mwavuli wangu, mwavuli wa jirani. Baada ya wiki tano nyumba ikaishiwa na ubovu. Akaanza kutengeneza vitu vizima, na hapo tukapoteza pasi. Mwezi wa nne akaacha. Akawa anashinda barazani na kikombe cha chai kinachopoa mkononi, ndevu zimemwota ovyo, na ukimuuliza kulikoni anasema hakuna neno. Mtu aliyekuwa akizungumza na saa kutwa nzima, sasa hata na mimi alikuwa na maneno ya kuhesabu. Niliumia sana, nikaficha maumivu yangu kwa kupiga kelele, maana ndivyo nilivyoumbwa.

Wa tatu katika nyumba hii ni mama mkwe. Mimi naye tumeishi miaka minane bila kupigana, na shukrani zote ziuendee ukuta unaotenganisha vyumba vyetu. Kwake yeye, mimi ni mwanamke aliyemwozesha mwanawe jalala. Akiingia chumba changu cha kazi huinua pindo la gauni kama anavuka dimbwi. Kukosana hatujakosana, ila hatujawahi kupatana pia.

Basi Jumatatu moja akaja binti mmoja, nesi wa zahanati ya pale karibu, amekumbatia mtandio uliofungwa fundo. Aliufungua mezani kwangu. Ndani kulikuwa na sahani, au tuseme iliyokuwa sahani: vipande kumi na tisa, vyeupe, na ukingoni maua madogo ya buluu. Kipande cha katikati kilikuwa kimebaki na ndege mzima, naye wa buluu, mkia juu, mdomo wazi kama anayebishana na mtu. Nimeshika vyombo vingi vya watu, lakini nilipomwona ndege yule nilitabasamu peke yangu.

Akanieleza. Harusi yake ilikuwa Jumamosi ile ile. Bibi yake aliingia na sahani hiyo kwenye ndoa yake, miaka hamsini na kitu iliyopita, na sasa amempa mjukuu aingie nayo kwenye ya kwake. Binti alikuwa akiivingirisha kwenye gazeti ikamponyoka. Bibi hajui. Mpango wake ulikuwa avae mkufu na hereni za sahani hiyo siku ya harusi, ndipo amwambie bibi ukweli mbele ya wageni wote, kwa sababu hakuna bibi duniani anayemgombeza bi harusi hadharani. Nikamwambia huo ni uoga wenye akili. Alicheka, halafu akalia, halafu akanishika mikono yote miwili akaniomba nimwahidi. Nikamwahidi. Alhamisi, saa nne asubuhi, aje kuujaribu mkufu. Ahadi ni deni, na mimi sijawahi kumwangusha mteja hata siku moja.

Shida ilikuwa ile buluu. Shanga zangu zote zilikuwa za buluu ya anga au buluu ya sare za shule, na ndege yule hakuwa wa anga wala wa shule. Dada yangu anakaa mji wa pili, karibu na soko lenye duka la shanga linaloaminika, kwa hiyo nikaamua kwenda kwake nikalale siku mbili. Ndege nikamfunga kwenye leso nikamtia mkobani, ili nimlinganishe na shanga dukani. Vipande kumi na vinane vilivyobaki nikaviweka kwenye beseni, nikavifunika kitambaa, nikalisukuma beseni chini ya meza, mbali kabisa na macho. Kwa kawaida vitu vyangu huvianika juu ya meza, kila anayepita anavigusa. Lakini hii ilikuwa siri ya watu.

Nilipata shanga. Nilipata na nafasi: jioni pale kwa dada, huku tunapiga soga, nikamsugua ndege wangu makali, nikamvisha waya wa shaba, nikampa shanga tatu kila upande. Alitoka kidani cha kumtoa mtu machozi. Nikarudi Jumatano mchana na moyo mweupe, najua kesho asubuhi mapema nitakata hereni, nimalize na vipande vya pembeni, binti aje akute kila kitu tayari.

Kabla sijafika mlangoni nikasikia mtu anapiga mluzi. Nilisimama. Mluzi ulikuwa unatoka ndani kwangu. Nikaingia nikamkuta mume wangu amenyoa ndevu, amevaa shati la kijani, ananukia sabuni, na kwenye paji la uso ana alama ya duara ya mkanda wa lenzi. Nilidhani tumepata mgeni. Akanifumba macho kwa viganja, kama tulivyokuwa tukifanyiana zamani kabla ya ndoa, akaniongoza hatua kwa hatua mpaka chumba cha kazi.

Alipoondoa mikono, sahani ilikuwa imesimama mezani imeegemea ukuta. Nzima.

Naomba mnielewe, kazi ile ilikuwa nzuri. Nyufa zilikuwa nyembamba kama unywele, ukipitisha ukucha juu yake haukwami. Maua ya ukingoni yalishikana mikono duara zima. Akawa ananieleza kwa pupa, maneno yanagongana: jinsi alivyoanza na ukingo, jinsi alivyochanganya gundi ya mirija miwili kidogo kidogo kwa njiti ya kiberiti, jinsi kipande cha kumi na moja kilivyomtesa asubuhi nzima kwa kibano mpaka akakijua. Katikati ya sahani kulikuwa na tundu lenye umbo la ndege.

"Kimoja tu ndicho kimenishinda kukipata," akasema. "Mimi na mama tumeingia mpaka chini ya vitanda. Takataka za jikoni tumezipepeta mara mbili."

Ndege alikuwa mkobani mwangu, ubavuni pangu. Nilisema ni kazi ya ajabu, na kweli ilikuwa ya ajabu, kisha nikasema nakwenda kunywa maji.

Jikoni nilimkuta mama mkwe anakata vitunguu, uso umemng'aa kama amekula njama. Hata sikuhitaji kumuuliza.

"Niliona beseni umelificha chini ya meza, mwanangu," akaninong'oneza. "Nikajua umevunja sahani ya maana, unaona haya kusema. Sasa nikuaibishe nipate nini? Nikampa mumeo. Nikamwambia, mkeo asijue mpaka iishe."

Miaka minane nilikuwa nimemngoja mwanamke yule aniite mwanangu. Akaniita siku aliyoniharibia kazi. Ningekuwa na hasira ningejua la kufanya, maana hasira ni kitu ninachokiweza. Lakini utamkasirikiaje mtu aliyekuhurumia? Nikamshukuru, nikachukua kisu cha pili, tukakata vitunguu pamoja, na machozi yangu yakapata kisingizio.

Chakula cha jioni kilikuwa kirefu. Mume wangu alijaza sahani mara mbili. Alimwita jirani mwenye mwavuli aje aone, akamweleza habari ya kipande cha kumi na moja tangu mwanzo, na jirani alipotaka kuondoka akamrudisha amalizie kusikiliza. Nilikuwa namtazama nikihesabu. Binti anataka mkufu, mkufu unataka vipande, na vipande sasa ni sahani. Nikiivunja, nimemvunja na huyu. Nisipoivunja, Jumamosi bi harusi atasimama mbele ya watu na mkufu nusu, masikio matupu, na bibi yake atauliza sahani iko wapi. Nilienda chumba cha kazi, nikashika koleo, nikalirudisha. Nikalishika tena. Mimi, mwenye roho ngumu, nilishindwa kukata kisahani.

Asubuhi ya Alhamisi nilipiga moyo konde. Nilimkuta barazani anakunywa chai ya moto, jambo ambalo nilikuwa sijaliona kwa miezi. Nikakaa chini kwenye kidato cha baraza, nikampa habari yote: nesi, bibi, harusi, ahadi. Nikafungua leso nikamwonyesha ndege. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na ufagio, akasikia kila neno.

Mume wangu alimshika ndege, akamgeuza, akapitisha kidole kwenye waya. Alisema nimeuzungusha vizuri. Halafu akaweka kikombe chini, akaenda jikoni. Nikasikia maji yanamiminwa kwenye sufuria kubwa, jiko likawashwa.

Nikamfuata. Nikamuuliza anafanya nini.

"Gundi hii inalegea kwenye maji yanayochemka," akajibu. "Nikiitumbukiza itaachia pale pale nilipounga. Haitapasuka mahali pengine. Utapata vipande vyako vyote kumi na vinane."

"Na siku zako mbili?"

"Nilishazifurahia," akasema. "Hizo hazilegei kwa maji ya moto."

Hakusema kwa unyonge wala kwa kujionyesha. Alisema huku anapima maji kwa jicho, kama yatatosha kuifunika sahani. Nilimpenda mtu yule pale jikoni kuliko nilivyompenda siku ya harusi yetu, na siku ya harusi yetu nilikuwa nimempenda vibaya sana. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda, kiganja mdomoni. "Mimi na wema wangu," akasema. "Ndiyo maana huwa siuzoei."

Maji yalikuwa yameanza kuimba, na mume wangu ameingia chumba cha kazi kuichukua sahani, tulipobishiwa hodi. Ilikuwa saa tatu na nusu, nusu saa nzima kabla ya wakati. Nilifungua mlango nikamkuta nesi, macho yamemtoka, ananikonyezea kitu nisichokielewa. Kisha nikaelewa. Nyuma yake alisimama mwanamke mzee, mwembamba, amefunga kitambaa cha rangi ya chungwa, mkoba ameukumbatia kifuani. Kumbe bibi alikuwa amesikia neno mkufu likitajwa mara nyingi mno kwenye simu, akakataa katakata kubaki nyumbani.

Nikawakaribisha kwa sauti kubwa kuliko kawaida, ili mume wangu asikie ajifiche. Alisikia, lakini akadhani namwambia afanye haraka. Njia ya kutoka chumba cha kazi kwenda jikoni inapita katikati ya sebule. Na pale katikati ya sebule ndipo alipokutana uso kwa uso na bibi, yeye ameibeba sahani kwa mikono miwili.

Bibi akamwamkia kwa kichwa. Kisha akatazama alichobeba.

"Baba," akasema taratibu, "hiyo sahani yangu inakwenda wapi?"

Kule jikoni maji yalikuwa yanachemka yakirusha kifuniko. Ndipo nesi akatapika yote kwa pumzi moja: gazeti, mkono kuponyoka, mtandio, mimi, mkufu, na mpango wake wa kusema Jumamosi mbele ya wageni. Mume wangu akaongezea habari ya gundi, kwa kuwa alidhani haki bin haki lazima na yeye ashitakiwe. Mama mkwe akaongezea habari ya beseni. Nikaona nisiachwe peke yangu msafi, nikasema kwamba ndege ninaye mimi.

Bibi alinyoosha mikono akapewa sahani yake. Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akapitisha ukucha juu ya ufa mmoja toka ukingoni mpaka katikati. Akaiinua juu, akaweka jicho kwenye tundu, akamtazama mjukuu wake kupitia mle.

"Mlete ndege," akasema.

Nikafungua leso. Nilimfunga nesi kidani shingoni. Ndege alitulia pale chini ya koo, mkia juu, mdomo wazi, na shanga zile za buluu zikamkaa kama zilizaliwa naye. Bibi akamtazama. Akatazama tundu la sahani. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikajua analia, nikawa natafuta leso nyingine. Hakuwa analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha kimya kimya kilichomlazimu ashike kiti changu kigumu na kukaa.

"Basi," akasema alipopata pumzi. "Ndege kaenda kuolewa, kiota kinabaki na bibi. Nitakitundika ukutani. Nilikuwa nakupa sahani nzima, nibaki na nini mimi?"

Nesi akamuuliza, kwa sauti ya mtoto wa miaka sita, kama hajakasirika.

"Nimekasirika sana. Nitakugombeza Jumapili, harusi ikishapita."

Wakakumbatiana, sahani katikati, mume wangu akawa anahangaika kuwazunguka ameitanguliza mikono mbele, asije akalazimika kuiunga upya. Kuhusu hereni, binti alisema hahitaji tena, ataazima, hataki hata ua moja ling'olewe pale. Nilikubali bila ubishi, na wanaonijua watawaambia hilo halitokei mara nyingi.

Kisha bibi akauliza ni nani hasa aliyeiunga. Mume wangu akainua mkono kama mwanafunzi. Bibi akauchukua ule mkono, akautandaza kwenye kiganja chake, akavitazama vidole kimoja kimoja.

"Nyumbani nina kabati," akasema. "Kila alichokivunja huyu binti tangu ana miaka mitatu kimo mle. Birika, vikombe, taa ya kioo, hata mwanasesere wa kauri. Sikutupa hata kimoja, na nilikuwa sijui nakiwekea nani. Fundi, utakuwa na nafasi?"

Mtu ambaye miezi sita alikuwa na nafasi ya kuwagawia wilaya nzima alijikuna kidevu kilichonyolewa, akatazama juu kwenye dari kama anayepekua daftari la miadi.

"Siku hizi nimebanwa kidogo, bibi," akasema. "Lakini wewe leta Jumatatu. Nitajitahidi nikupenyeze."

Mama mkwe akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu. Akanigeukia, tukatazamana, na kwa mara ya kwanza katika miaka minane mimi na mwanamke yule tulielewana bila ukuta.

"Amebanwa kweli huyu," akamwambia bibi, uso mkavu. "Hata kula tunamlazimisha."

Nilihisi kicheko kinanipanda na kilio kinakifuata nyuma, nikaomba radhi wageni, nikaenda jikoni kuzima jiko.